Mistari Mitatu Nyuma ya Sikio

Binti yangu alizaliwa na sikio moja. Kulia sikio kamili, kushoto kifundo cha nyama kama uyoga uliochungulia juu ya udongo ukaghairi. Nalisema mapema ili tusizungushane. Watu wanapenda kuzungusha: mtoto ana changamoto, mtoto ni wa kipekee, mtoto ni zawadi. Zawadi ni zawadi, sikio ni sikio, na la kushoto hana.

Sababu nimezisikia zote. Kwetu Bukiriro, nilikozaliwa, waliniambia nilimcheka mlemavu nikiwa na mimba. Nyamigogo, nilikoolewa, waliniambia kuna mtu wa ukoo aliyezikwa bila heshima yake. Kanisani mama mmoja alituombea kwa sauti kubwa mpaka mtoto akaziba lile sikio alilo nalo. Daktari peke yake ndiye aliyesema, "Hatujui kwa nini. Hutokea tu." Nilimpenda yule daktari kwa hilo neno "hatujui."

Hata hivyo tulikuwa tumezoea. Mimi nilizoea, mtoto alizoea, nywele zake tulizisuka zilalie upande. Kilichotuvuruga ni macho. Alipoanza shule akawa anausogelea ubao kama mbuzi anayefuata chumvi. Tulipompima akaandikiwa miwani. Sasa hebu fikiria. Miwani ina mikono miwili, na kila mkono unataka sikio la kulalia. Tulijaribu kuifunga kwa mpira wa sketi ukizunguka kisogo. Akiinama inashuka mdomoni, akikimbia inaning'inia shavuni. Wenzake wakampa jina: boda ya kioo kimoja. Wakimwona wanapiga honi. "Piii! Angalia nyuma, boda ya kioo kimoja!" Siku moja akarudi, akaitumbukiza miwani kwenye kopo la sukari, akasema haivai tena hata nimchape.

Mwalimu wake aliniita. "Mama, huyu ana akili," alisema, "lakini anajifunza kwa kusikia tu. Akifika madarasa ya juu itakuwa kazi."

Anajifunza kwa kusikia, na kusikia kwenyewe ni kwa upande mmoja. Nilirudi nyumbani nimefura kama chatu.

Kwa hiyo nieleweke: mimi sikutafuta urembo. Nilitafuta mahali pa kutundika miwani.

Mwanza tulielekezwa kwa fundi wa viungo bandia, mzee mwenye vidole vyenye rangi rangi, ambaye kwenye kabati lake alikuwa na pua, vidole na masikio yamepangwa kama vitumbua. Anayamimina kwa mpira laini unaochanganywa mpaka ufanane na ngozi ya mwenyewe, halafu yanabandikwa kwa gundi maalumu. Binti yangu alishika pua moja, akacheka, akairudisha. Fundi alimpima, akatikisa kichwa.

"Zamani nilichonga kwa nta, kwa macho tu," alisema. "Sasa tuna printa inayochapa umbo, mimi nalitengenezea kalibu ya kumiminia. Tatizo, kijana aliyekuwa akitayarisha mafaili ameacha kazi. Foleni ni ndefu. Ukiniletea faili safi, namimina mara moja. Lakini liwe safi, mama. Printa haina huruma. Ukiipa chunusi inachapa chunusi."

"Nitakuletea."

"Una mtu wa kompyuta?"

"Ninaye."

"Yuko wapi?"

"Umemkalisha kwenye benchi."

Akaniangalia, kanga yangu, ndala zangu, mtoto mapajani. Hakucheka, nampa sifa hiyo. Alisema tu, "Bonde la nyuma ya sikio, hilo usinivurugie. Mkono wa miwani unakaa pale. Bonde likiwa bovu, miwani inateleza, na sikio langu litakuwa pambo."

Mimi nina duka la steshenari Biharamulo mjini. Nachapa barua, natoa kopi, napiga pasipoti saizi. Nimeishia kidato cha nne. Masikio nayajua kwa kazi, maana picha ya pasipoti inatakiwa ionyeshe yote mawili, nimewaambia watu wazima maelfu, "Baba, nyosha shingo, vua kofia, masikio yaonekane." Picha ya binti yangu mwenyewe ilirudishwa na karani mmoja eti upande mmoja hauonekani. Nilimwambia alilo nalo linaonekana, akitaka jingine amwombe Mungu.

Kuchonga kwenye kompyuta nilijifunza hapo hapo dukani, kwa video, wakati wa kusubiri wateja. Unapewa mpira wa udongo usioshikika, unausukuma kwa kipanya, unavuta, unabonyeza, unakwangua. Niliwahi kuchonga kichwa cha ng'ombe, kibuyu, na uso wa mume wangu ambao yeye aliukataa. Lakini hivyo vilikuwa michezo. Sikuwahi kuchonga kitu ambacho mtu atakivaa.

Nikaanza na picha. Kuna programu ya simu unayozunguka nayo kitu, unakipiga picha nyingi, nayo inazikusanya na kukupa umbo zima. Nilimwogesha binti yangu, nikamketisha kwenye stuli mlangoni penye mwanga, nikampaka mafuta. Nilimpaka vizuri. Nani anampiga mtoto wake picha akiwa amepauka? Kwetu mtoto aliyepauka ni mtoto asiye na mama. Akang'aa kama sufuria mpya. Nikamzunguka na simu, yeye akihesabu kuku kwa sauti ili asitikisike.

Umbo likafunguka kwenye laptopu.

Sijui kama umewahi kuliona sikio la mwanao likiwa kubwa kuliko kichwa chako. Niliingia ndani yake kwa kipanya kama mtu anayeshuka kutoka Bukiriro kwenda mtoni: kilima kinachozunguka, kilima kingine ndani yake, korongo, kigingi kidogo mbele kama mlinzi wa geti, na katikati shimo linaloelekea gizani. Hakuna mstari ulionyooka hata mmoja. Hakuna mkunjo usioingia kwenye mkunjo mwingine. Nilikuwa nimekisuguasugua kitu hiki kwa kitambaa tangu azaliwe, na sikuwahi kukiona. Kilijitengeneza tumboni mwangu mimi nikiwa napiga chapa barua za maombi ya kazi za watu. Nilimwangalia mtoto, nikaangalia kioo cha laptopu, nikamwangalia mtoto.

"Mama, limetoka baya?"

"Limetoka zuri mpaka linatisha."

Halafu nikaliangalia kwa jicho la fundi, nikaona matatizo yake. Ngozi yake ilikuwa na vishimo kila mahali, kama ukuta wa udongo uliopigwa na mvua ya mawe. Kila umbo la namna hii kwa ndani ni wavu, nyuzi zilizounganishwa, na wavu uliotoka kwenye simu huwa umefumwa na mlevi: huku nyuzi zimebanana, kule pana tundu linalopitisha kuku. Huwezi kuchonga juu yake. Dawa yake inaitwa rimeshi. Mimi nimezoea kuiita kusuka upya, kwa sababu ndicho kinachofanyika: programu inafumua kichwa chote na kukisuka tena kwa mistari iliyo sawa. Inajaza umbo zima punje, kisha inatandaza ngozi mpya juu ya punje hizo. Saizi ya punje unaichagua wewe.

Mara ya kwanza nilichagua punje kubwa ili laptopu isihangaike. Sikio likarudi na matuta kama shamba la viazi, ngazi ngazi kutoka juu hadi chini, na ukingo wa juu, ambao ni mwembamba, ukatoboka. Bila shaka. Ukitaka kujaza jani kwa punje za mahindi, jani haliwezi kuzibeba. Nikashuka hadi mtama, nikashuka hadi ulezi. Laptopu ikaanza kuunguruma kama mashine ya kusaga, nikainyanyua juu ya matofali mawili ipate hewa. Matundu yakaziba. Matuta yakaisha upande mmoja, yakabaki upande mwingine.

Hapo nilihangaika. Upande mmoja laini, upande mwingine ngazi, na punje ni zile zile! Nilimfokea mteja aliyetaka kopi mbili za cheti. Baadaye ndipo nilipogundua: sikio lilitoka jembamba kidogo kwenye simu, nami nilikuwa nimelivuta kwa upana lifanane na vipimo vya fundi. Nililivuta, lakini sikuiambia programu kwamba huo ndio ukubwa wake wa kweli sasa. Kwa hiyo yenyewe bado iliamini sikio ni jembamba, ikapanga punje zake kwa imani hiyo, na mimi nikawa naziona zimevutika kama tambi. Nilibonyeza pa kuthibitisha ukubwa, nikasuka upya, ngazi zikayeyuka. Nilipiga makofi peke yangu dukani.

Halafu nikaligeuza. Nilihitaji la kushoto, ninalo la kulia, basi unaligeuza kama kwenye kioo. Likawa jeusi. Kila nikigusa ili kuinua, linabonyea, nikibonyeza, linainuka. Hili nalo lilinichukua muda. Kumbe nilipoligeuza, ngozi imegeuka pia, nje imekuwa ndani, kama fulana iliyoanikwa kinyume kwenye kamba. Kuna kitufe cha kuirudisha. Nikairudisha. Likang'aa.

Basi nikawa nimebakiwa na vishimo na kitu kingine kimoja. Nyuma ya sikio, kwenye ngozi ya kichwa pale bonde linapoanzia, palikuwa na mistari mitatu. Midogo, iliyolala sambamba, kama mkwaruzo wa kucha ya paka. Niliijua hiyo, au nilidhani naijua. Kwenye mabonde membamba kusuka upya huwa kunaleta mikunjo, kwa sababu pande mbili za bonde zinakaribiana na punje zinachanganyikiwa zijae wapi. Video zote zinasema hivyo. Nikapunguza punje. Mistari ikabaki. Nikaifuta kwa brashi ya kulainisha, ikatoka. Nikashukuru, nikalainisha na vishimo vyote kwa brashi hiyo hiyo, nikasuka upya, nikamtumia fundi.

Alinijibu kwa ujumbe wa sauti.

"Mama, sikio ni zuri. Lakini limelainishwa mno, limekuwa kama sabuni iliyotumika. Bonde halipo. Miwani itateleza kama mtoto kwenye tope. Na hivyo vishimo ulivyokuwa unavikimbiza, niambie ukweli, mlimpaka mafuta?"

Nilimpigia. "Nilimpaka."

Alicheka mpaka akakohoa. "Wamama! Wote! Mnamleta mtoto anang'aa kama gari la harusi! Mng'ao unahama kila simu inapohama, programu inadhani ni mashimo. Mpauze, mama. Mpake unga."

"Nimpeleke mtoto wangu kwenye picha amepauka?"

"Apauke kama jiwe."

Ningeweza kulichonga bonde upya kwa kubuni. Nilijaribu, nikaacha. Bonde la kubuni lilikuwa bonde la mtu mwingine. Nikarudi kwenye umbo la mwanzo ambalo sikulilainisha, nikajaribu tena kwa uangalifu, na mistari mitatu ikarudi. Mahali pale pale, urefu ule ule. Kasoro ya kusuka huwa inahama. Ukibadilisha punje inahama, ukizungusha umbo inahama. Hii haikuhama. Ilikuwa kama mtu aliyekaa kwake.

Nilichukua unga wa muhogo jikoni. Binti yangu alikaa kwenye stuli, nikamfuta mafuta kwa maji ya sabuni, nikamkausha, nikachovya brashi ya poda nikampaka unga taratibu, mbele ya sikio, juu, kwenye ndewe. "Mama, nakuwa andazi," alisema. Nikalikunja sikio mbele ili nipake nyuma. Nikapuliza uliozidi.

Unga ulipuruka wote ila mahali pamoja. Kwenye ngozi nyeusi ya mwanangu ilibaki mistari mitatu myeupe.

Nilikaa chini, kwenye sakafu, mtoto bado kwenye stuli. Niliigusa kwa ncha ya kidole na sikuihisi. Myembamba kuliko uzi, imefichwa na sikio lenyewe na nywele za shingoni. Ungeiogesha miaka kumi usiione. Simu iliiona. Kipande cha bati na kioo nilichonunua kwa mtu aliyekwishakitumia kilikuwa kinaniambia kwa majuma mazima, mama, hapa mwanao amekatwa, na mimi nilikuwa naifuta mistari yake, naifuta, nasema ni makosa ya mashine.

Hizo zilikuwa chale. Mtu yeyote wa huku angezijua.

Sikuhitaji kuuliza nani. Mtoto analelewa na wanawake wawili, na mimi sijawahi kumshikia wembe. Mama mkwe wangu, ambaye namwita mayu, yaani mama, kama watoto wake wote wanavyomwita kwa Kisukuma, alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo.

"Mayu, nani alimchanja huyu mtoto?"

Hakuuliza kuchanjwa nini. Alitupa jiwe moja nje ya ungo. "Umeziona," alisema.

"Nani?"

"Mganga, nilimwita mimi. Mtoto alipata degedege. Wewe ulikuwa Bukiriro kwenye msiba wa baba yako. Macho yalipinduka, meupe. Ulitaka nikupigie simu nikwambie acha jeneza, rudi?"

"Nilitaka umpeleke zahanati!"

"Nilimpeleka."

"Lini?"

"Baada."

"Baada ya wembe!"

"Mpya," alisema, naye akanyanyua sauti. "Niliununua mwenyewe, nikaufungua karatasi kwa mkono huu. Usinifanye mimi mshenzi."

"Degedege ni malaria, mayu! Dawa yake iko zahanati, haiko kwenye wembe wala kwenye majivu! Dakika zile ndizo mtoto anafia! Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya hivi unavyofanya sasa."

Alisema kweli, na ukweli huo ulinitia hasira kuliko chale zenyewe. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, mweupe kwa unga upande mmoja. Mayu alimwangalia.

"Na huyu mbona umemfanya chapati?"

Mtoto akacheka. Mimi sikucheka. Nilimpeleka akapimwa kila kinachoweza kuingia kwa wembe, akawa salama, na hasira haikuisha. Ilipata tu mahali pa kukaa. Ndani ya nyumba tukawa tunasemezana kupitia kwa mtoto. "Mwambie bibi yako ugali umeiva." "Mwambie mama yako nimeusikia tangu ukiwa maji." Mume wangu aliporudi kutoka mgodini alikaa nasi mlo mmoja, akasema anaona mgodini pana amani zaidi.

Lakini kazi ilikuwa haijaisha, na miwani ilikuwa bado kwenye kopo la sukari. Nilimpaka unga tena, nikapiga picha upya. Fundi alisema kweli. Vishimo vilitoweka vyote, ngozi ikatoka tulivu, na bonde likasimama kama lilivyo, kali juu, linalegea chini. Mistari mitatu pembeni yake. Safari hii sikuigusa.

Fundi alitaka pia umbo la upande wa kushoto, ule usio na sikio, ili msingi wa sikio ulale sawasawa juu ya ngozi. Alikuwa na wasiwasi nao. Kulipata sikio ni jambo moja, alisema, kujua likae wapi ni jambo jingine. Likipanda kidogo au likirudi nyuma kidogo, miwani inakaa mshazari na mtoto anaumwa kichwa. Kwa mtu mzima anapima na kupima, mtoto hatulii.

Nikampaka unga kushoto. Nikafunua nywele. Nikazunguka kile kifundo kwa brashi, nikaenda nyuma, kwenye ngozi tupu isiyo na kitu, nikapuliza.

Mistari mitatu.

Nilitoka na brashi mkononi mpaka uani. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha moja kwa moja tangu tugombane.

"Mayu. Kushoto pia?"

"Chale huenda mbili. Nyumba ina milango miwili, unafunga mmoja?"

"Lakini kule sikio hakuna. Alijuaje pa kuchanja?"

Alifuta mikono kwenye kanga. Nadhani alisubiri nimalize kufoka kisha akaona safari hii sifoki. "Aliuliza," alisema. "Yule mganga mzee alimaliza upande wa kulia, akamgeuza mtoto, akasimama. Akaniuliza, huku sasa? Nikamwambia, chanja pale lingekuwa. Akachomoa kijiti kwenye ufagio. Akaweka ncha moja kwenye kona ya jicho, nyingine kwenye chale ya juu, akakikata pale pale. Akakipeleka upande wa pili, kona ya jicho, akaweka alama kwa mkaa. Akafanya hivyo kwa kila moja. Mtoto nilimshika mimi. Alikuwa wa moto kama jiko."

Nilirudi ndani bila kusema asante, maana sikuwa na shukrani. Sina hata leo. Mtoto mwenye degedege apelekwe zahanati, na atakayeniletea wembe mlangoni nitamfukuza kwa mwiko. Lakini nilikaa mbele ya laptopu, nikafungua maumbo mawili, sikio la kulia lililogeuzwa pamoja na kipande cha ngozi ya nyuma yake, na upande wa kushoto mtupu. Nikachukua la kwanza nikalisogeza juu ya la pili. Nikalizungusha kidogo, nikalishusha kidogo.

Mstari wa juu ukaingia kwenye mstari wa juu. Wa kati ukaingia kwenye wa kati. Wa chini ukapishana kwa unene wa uzi, na najua kwa nini, mtoto alikuwa anatetemeka. Na sikio likakaa. Sikulipeleka mimi, lilikwenda lenyewe, likatulia juu ya kile kifundo kama kuku anayerudi kwenye kiota chake, likawa sambamba na jicho, sambamba na pua, sambamba na ndugu yake wa upande wa pili. Miaka mitatu, minne, ngozi ile tupu ilikuwa imebeba alama ya mahali pa sikio. Mtu nisiyemjua, kwa kijiti cha ufagio, na mwanamke niliyekuwa simsemeshi, akiwa amemshika mtoto anayewaka moto, walikuwa wameshakubaliana kwamba sikio lipo.

Nilizisuka ngozi mbili kuwa moja, punje ndogo kuliko ulezi. Laptopu ikanguruma, umeme ukacheza, ukarudi. Nilizungusha umbo nikitafuta kasoro. Nikakagua kila korongo. Haikuwepo.

Nilimtumia fundi. Akapiga simu.

"Mama, hapa kwenye kukaa, nani alikupimia?"

"Mganga wa kienyeji."

"Kwa kifaa gani?"

"Ufagio."

"Muulize kama anatafuta kazi."

Siku ya kulivaa tulikwenda watatu, kwa sababu mayu alisema yeye anakwenda, na hakumwambia mtoto aniambie, aliniambia mimi. Fundi alimwamkia, "Shikamoo mama," naye akajibu marahaba akiwa anatazama kabati la pua. "Wenye pua hizi wako wapi?" aliuliza.

Fundi alimgeuza binti yangu, akafunua nywele, akazitafuta chale kwa kioo cha kukuzia, akaziwekea alama kwa kalamu. Akapaka gundi. Akalishika sikio jipya kwa vidole vyake vya rangi rangi, akalisogeza, akaangalia alama, akalibonyeza, akashikilia. Mimi nilikuwa nimemkamata mayu mkono. Sijui nilianza lini.

Kisha miwani. Ilitoka kwenye mfuko wangu bado ina chembe za sukari. Fundi aliifuta, akaivalisha. Mkono wa kulia ukapita juu ya sikio. Mkono wa kushoto ukapita juu ya sikio, ukashuka ndani ya bonde, ukakaa.

"Inama," fundi alisema.

Binti yangu hakutaka. Nilimwona amekaza shingo, mikono tayari karibu na mashavu kuidaka.

"Inama, mjukuu wangu," mayu alisema. "Kiatu chako kimefunguka."

Hakikuwa kimefunguka. Lakini mtoto aliinama kukitazama, akainama kabisa, kichwa kikafika magotini, na sote watatu tukawa tumenyoosha mikono hewani kama watu wanaomsubiri mtoto chini ya mti. Hakuna kilichoanguka. Akakaa huko chini muda mrefu kuliko kiatu kinavyohitaji. Akainuka, mikono yake yote miwili haina kazi, akanitazama usoni, akanikazia macho kama nilivyokuwa nikilikazia lile umbo.

"Mama," alisema, "kumbe una vishimo. Hapa na hapa. Vingi!"

"Ni chunusi za ujana."

"Zinatoka?"

"Haziwezi kutoka. Ni zangu."